Frigeti Chiffonne, 1799–1814

Chiffonne ilikuwa merikebu ya kivita ya Ufaransa, ya aina iliyoitwa frigeti, iliyoshushwa majini mwaka 1799 kwenye mto Loire karibu na mji wa Nantes. Iliishi miaka 15. Ilipeperusha bendera ya Ufaransa kwa miaka miwili tu, kisha ikawa ya Waingereza hadi mwisho wake. Ilifika Ushelisheli ikiwa imebeba wafungwa wa Napoleon Bonaparte, ikatekwa huko huko Mahé, na miaka minane baadaye ikarudi Bahari ya Hindi kupigana vita vya Ghuba kwa faida ya kijana mmoja wa Maskati ambaye baadaye aliitawala Zanzibar. Vitabu vya Ulaya huitaja kwa mistari michache, kwa kuwa haikushiriki vita vyovyote vikubwa vya huko. Habari zake zina uzito zaidi upande huu wa dunia.

Katika majeshi ya majini ya zama zile frigeti haikuwa chombo kikubwa kuliko vyote. Manowari kubwa zilikuwa na sitaha mbili au tatu za mizinga, nazo zilijengwa zijipange safu na kupigana na zenzao. Frigeti ilikuwa na sitaha moja tu ya mizinga mikuu, na mizinga midogo ikawekwa juu, upande wa omo na wa tezi. Ilikuwa na milingoti mitatu: wa omo, mkubwa wa katikati, na galme nyuma. Matanga yake yalikuwa ya mraba, yamefungwa kwenye foromali zilizokingama, na kuyakunja na kuyakunjua kulihitaji mabaharia wengi wapande juu kwa pamoja, hata usiku wa dhoruba. Kazi za frigeti zilikuwa kupeleleza, kupeleka barua na maofisa, kusindikiza merikebu za biashara za nchi yake na kuziwinda za adui. Mizinga mikuu ya Chiffonne ilirusha risasi za ratili 12. Watu wapatao 250 waliishi ndani ya chombo chenye urefu wa mita 40 na ushei, wakilala kwenye machela zilizotundikwa baina ya mizinga, pamoja na mapipa ya maji, nyama ya chumvi, biskuti ngumu na baruti.

Nantes, ambako ilijengwa, ndiyo iliyokuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa. Utajiri wake ulitokana kwanza na Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi, lakini biashara hiyo ilifika hadi pwani yetu pia. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao, waliotolewa bara na kushushwa Kilwa, walipelekwa kulima kwenye mashamba ya Île de France, yaani Morisi ya leo, na ya kisiwa jirani cha Réunion, kilichoitwa Bourbon wakati huo. Ushelisheli, ambako Wafaransa walianza kuweka walowezi mwaka 1770, ilikuwa tawi dogo la mfumo huo huo. Manowari za Ufaransa zilipokuja Bahari ya Hindi zilikuja kuulinda mfumo huo, na kuzivamia merikebu za Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki zilizopita na pamba, hariri na mchele wa Bengal.

Mwaka 1796 kundi la frigeti chini ya Admeri Sercey lilifika Île de France likiwa na wajumbe wawili wa serikali ya Paris, Baco na Burnel. Walikuwa na amri ya kutekeleza sheria ya 1794 iliyofuta utumwa katika makoloni yote ya Ufaransa. Wenye mashamba waliwakamata wajumbe hao na kuwafukuza kisiwani baada ya siku chache tu. Sheria ikabaki kwenye karatasi, na watu waliotoka Kilwa na Msumbiji wakaendelea kulima chini ya mjeledi. Frigeti zenyewe zilibaki, zikateka merikebu nyingi za Waingereza, lakini zikamalizika moja baada ya nyingine. Prudente na Forte zilitekwa mwanzoni mwa 1799. Preneuse iliteketezwa mwezi Desemba mwaka huo huo kwenye ufuo wa Île de France, mbele ya macho ya wenyeji. Zilizosalia zilirudi Ulaya. Chiffonne ilipoletwa bahari hii ilikuja karibu peke yake.

Sababu ya kuletwa kwake ni tukio la Paris. Jioni ya tarehe 24 Desemba 1800, mkokoteni uliofungwa pipa la baruti ulilipuka katika barabara ya Saint-Nicaise muda mfupi baada ya gari la Napoleon kupita likielekea kwenye jumba la opera. Napoleon alisalimika, wapita njia kadhaa waliuawa. Waliotega baruti hiyo walikuwa wafuasi wa mfalme aliyepinduliwa. Fouché, waziri wa polisi, aliligundua hilo mapema. Lakini Napoleon alikuwa ameshaamua kuwa wenye hatia ni Majakobini, wanamapinduzi wa mrengo mkali waliokuwa wakimpinga, na mwezi Januari 1801 ikatolewa orodha ya watu wapatao 130 wa kupelekwa uhamishoni bila kesi na bila kusikilizwa. Wengi walikuwa mafundi, wenye maduka na askari wa zamani. Aliyejulikana zaidi ni Jenerali Jean Antoine Rossignol, fundi wa dhahabu aliyeshiriki kulivamia gereza la Bastille mwaka 1789. Baadhi yao waliingizwa Chiffonne, wengine wakawekwa katika merikebu ndogo iitwayo Flèche.

Chiffonne iling'oa nanga mwezi Aprili 1801 chini ya nahodha Pierre Guieysse. Mwezi huo huo wafuasi wawili wa mfalme, Carbon na Saint-Réjant, walikatwa vichwa Paris kwa kosa la kutega ile baruti. Serikali ilikuwa imewapata wahalifu wenyewe na kuwahukumu mahakamani. Hata hivyo merikebu haikuamriwa kurudi, na waliosingiziwa waliendelea kupelekwa upande wa pili wa dunia kwa kosa ambalo sasa lilikuwa na wenyewe.

Njiani frigeti haikuacha vita. Karibu na pwani ya Brazili ilikutana na merikebu ya kivita ya Ureno iitwayo Andorinha na kuishinda. Mwezi Juni iliiteka Bellona, merikebu ya Waingereza iliyokuwa ikitoka Bengal na shehena ya thamani, ikapelekwa Île de France. Mwezi Julai 1801 Chiffonne ilitia nanga Mahé na kuwashusha wahamishwa 32.

Mahé iko karibu latitudo moja na Mombasa, umbali wa kilomita zipatazo 1,750 mashariki. Mwaka 1801 ilikuwa na walowezi wachache wa Kifaransa na idadi kubwa zaidi ya watumwa wa Kiafrika na wa Madagaska. Mkuu wa kisiwa alikuwa Jean-Baptiste Quéau de Quinssy, mtu aliyeijua hali yake vizuri kuliko wakubwa wake wa Paris. Hakuwa na jeshi wala ngome ya maana. Mwezi Mei 1794 kundi la manowari za Waingereza chini ya Henry Newcome lilipotokea, Quinssy alitia saini masharti ya kusalimu amri, na Waingereza walipoondoka akatweka tena bendera ya Ufaransa. Mtindo huo aliurudia kila manowari za Uingereza zilipokuja, na kwa njia hiyo kisiwa kikaepuka kuchomwa na kuporwa kwa miaka 16. Wapo waliomwita mwoga. Ukweli ni kwamba hakukuwa na uamuzi mwingine ambao ungewaacha watu wake hai.

Guieysse hakuondoka mara moja. Merikebu iliyotoka safari ya miezi mitatu na mapigano mawili ilihitaji matengenezo, na mlingoti wa omo ulikuwa kwenye ukarabati. Baadhi ya mizinga iliwekwa ufukweni ili kulinda gati. Hali ilikuwa hiyo asubuhi ya tarehe 19 Agosti 1801, ilipotokea frigeti ya Uingereza Sibylle chini ya nahodha Charles Adam. Sibylle nayo ilikuwa ya Kifaransa kwa asili: ilijengwa Toulon, ikashushwa majini 1791, na Waingereza wakaiteka mwaka 1794 penye kisiwa cha Mykonos, Ugiriki. Ndiyo iliyoiteka Forte mwaka 1799. Mizinga yake mikuu ilirusha risasi za ratili 18, na kwa hiyo ilikuwa na nguvu kupita Chiffonne hata kama hiyo ingekuwa tayari kwa safari.

Adam aliisogeza Sibylle bandarini ikipeperusha bendera ya Ufaransa, hila iliyoruhusiwa na desturi za vita za wakati ule mradi bendera ya kweli itwekwe kabla ya mzinga wa kwanza. Tatizo lake kubwa halikuwa adui bali miamba. Njia ya kuingilia Mahé hupita katikati ya matumbawe, na hakuwa na rubani. Alimpandisha mtu juu ya mlingoti atazame rangi ya maji na kuelekeza: penye weupe pana mwamba, penye buluu nzito pana kina. Mabaharia wa pwani zote za bahari hii hulijua somo hilo. Merikebu ikaingia polepole hadi mita mia mbili hivi kutoka kwa Mfaransa, ikatia nanga, ikageuza ubavu, bendera ikabadilishwa na mizinga ikaanza.

Mapigano yalidumu dakika 17. Kwa umbali ule hapakuwa na haja ya kulenga sana. Risasi za ratili 18 zilipenya mbavu za Chiffonne, na kila iliyopenya ilirusha vipande vya mbao vyenye ncha vilivyoua watu wengi kuliko chuma chenyewe. Mizinga ya ufukweni iliendelea kidogo, kisha waliokuwa nayo wakakimbia. Chiffonne ilishusha bendera, amari ya nanga ikakatwa, na merikebu ikachukuliwa na maji hadi ikapanda mwamba. Wafaransa 23 walikuwa wameuawa na 30 kujeruhiwa. Kwenye Sibylle waliuawa wawili. Mabaharia wengi wa Kifaransa waliogelea au kupiga makasia hadi nchi kavu na kuingia vichakani.

Waingereza waliinasua Chiffonne mwambani, wakaukamilisha mlingoti na kuondoka nayo kwenda India. Kampuni ya bima ya Madras ilimpa Adam zawadi ya upanga, na wenye bima walikuwa na sababu: kila frigeti ya Ufaransa iliyoondolewa baharini iliwapunguzia hasara ya merikebu kama Bellona. Majuma machache baada ya vita hivyo Flèche, iliyoleta kundi la pili la wahamishwa, ilinaswa Mahé na merikebu ya Uingereza iitwayo Victor, ikazama bandarini baada ya mapambano makali.

Wahamishwa sasa walikuwa zaidi ya 70 kwenye kisiwa kidogo, na walowezi hawakuwataka. Watu hawa walikuwa wameapa kwa uhuru na usawa, walikula na kuzungumza na yeyote aliyewakaribisha, na wenye mashamba waliogopa kwamba maneno yao yangefika masikioni mwa watumwa. Habari za uasi wa watumwa wa Haiti zilikuwa zimeshafika bahari hii. Mwezi Machi 1802 wahamishwa 33 walioonwa kuwa hatari walipakiwa kwenye merikebu Bélier na kupelekwa Nzwani katika visiwa vya Ngazija, nchi ya Kiislamu yenye sultani wake, ambayo haikuwa koloni la Ufaransa.

Nzwani ilikuwa na shida zake. Kwa miaka kadhaa mitumbwi ya wavamizi kutoka Madagaska ilikuwa ikija kwa mamia na kuteka watu, na uvamizi huo baadaye ulifika Mafia na Kilwa. Katika hali hiyo wageni 33 wasio na fedha wala ujuzi wa lugha walitupwa ufukweni. Zaidi ya nusu yao walikufa katika muda mfupi. Rossignol alifariki huko tarehe 28 Aprili 1802. Wachache waliotoka hai walipata nafasi kwenye majahazi yaliyokuwa yakisafiri kati ya visiwa na pwani. Mmoja wa wahamishwa hao, msanifu majengo Lefranc, alirudi Ufaransa na kuchapisha masaibu yao mwaka 1816, Napoleon alipokuwa tayari ameangushwa na yeye mwenyewe yuko uhamishoni kisiwani Saint Helena. Mwezi Mei 1802, wakati waliozikwa Nzwani hawajamaliza miezi miwili kaburini, serikali ya Napoleon ilipitisha sheria ya kuuhalalisha utumwa upya.

Kutupa wapinzani Ushelisheli ni jambo lililokuja kuwagusa Waafrika wenyewe karne moja baadaye. Waingereza walimpeleka huko Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa pamoja mwaka 1899. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 na akafariki Jinja kabla ya kufika kwao. Khalid bin Barghash, aliyetwaa kiti cha Zanzibar kwa siku chache mwaka 1896, naye alipitishwa huko alipokamatwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Chiffonne yenyewe iliingizwa katika jeshi la majini la Uingereza bila kubadilishwa jina. Waingereza walikuwa wakifanya hivyo mara nyingi, kwa kuwa walizipenda frigeti za Kifaransa kwa wepesi wake. Charles Adam alipewa aiongoze, na kwa miaka michache ikalinda Bahari ya Kaskazini na mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 10 Juni 1805 ilifukuza msafara wa boti za mizinga za Ufaransa uliotoka Le Havre, ikapambana nao kwa saa nyingi hadi ulipojificha chini ya mizinga ya ngome ya Fécamp. Boti hizo zilikuwa sehemu ya matayarisho ya Napoleon ya kuivamia Uingereza. Merikebu iliyojengwa kwa kodi ya Wafaransa, na iliyotumwa kuwafukuza maadui wa Napoleon, sasa ilikuwa ikimzuia Napoleon mwenyewe.

Miaka ya mwisho ya kazi yake ilikuwa Bahari ya Hindi tena, sasa chini ya nahodha John Wainwright. Katika Ghuba ya Uajemi Waqasimi wa Ras al-Khaimah, mabaharia hodari walioungana na Mawahabi wa bara la Uarabuni, walikuwa wakipambana na Maskati kuhusu nani atatawala biashara ya bahari. Merikebu za Bombay zilitekwa pia, mojawapo ikiwa Minerva. Waingereza waliwaita Waqasimi maharamia, na jina hilo lilidumu vitabuni. Mwaka 1986 mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad al-Qasimi, alichapisha utafiti wake wa nyaraka za Bombay akipinga dai hilo, na kueleza kuwa Kampuni ya India Mashariki ilitaka kisingizio cha kuitawala njia ya biashara. Hoja yake ina nguvu: waliokuwa wakiteka vyombo vya wenzao baharini katika miaka hiyo walikuwa wengi, na Chiffonne yenyewe iliishi kwa kazi hiyo.

Maskati ilikuwa imejifunga kwa Waingereza tangu 1798, Sultan bin Ahmad alipokubali kuwanyima Wafaransa nafasi bandarini mwake. Aliuawa baharini mwaka 1804, na mwaka 1806 mwanawe Said akatwaa utawala akiwa bado kijana wa miaka kama 15. Huyu ndiye Seyyid Said ambaye Pwani yote inamjua. Mwaka 1809 alikuwa amebanwa: Mawahabi walimdai kodi, na Waqasimi na washirika wao walishika ngome kwenye pwani yake.

Mwezi Septemba 1809 Bombay ilituma msafara. Wainwright aliongoza upande wa bahari kutoka Chiffonne, akiwa na frigeti Caroline na merikebu ndogo za Kampuni. Luteni Kanali Lionel Smith aliongoza askari wa miguu, Waingereza na Wahindi. Baada ya kutua Maskati walifika Ras al-Khaimah mwezi Novemba. Maji ya pale ni haba, na frigeti zililazimika kukaa mbali. Kabla ya alfajiri ya tarehe 13 Novemba boti zilizojaa askari zilipiga makasia kuelekea mji, kundi moja likijifanya kushambulia kaskazini ilhali lile kubwa lilishuka kusini. Watu wa mji walipigana nyumba hadi nyumba. Alasiri mji ulikuwa unawaka, na majahazi zaidi ya 50 yalikuwa yameteketea ufukweni. Kila jahazi lililochomwa lilikuwa riziki ya familia nyingi, la kubebea tende na samaki miezi ambayo hapakuwa na vita.

Msafara uliendelea hadi Linga upande wa Uajemi, kisha Laft kwenye kisiwa cha Qishm, ambako ngome ilipigwa hadi mkuu wake akaiachia. Mwanzoni mwa Januari 1810 ilifika zamu ya Shinas, ngome ya pwani ya Omani, na hapo askari wa Said walishiriki. Mizinga ilibomoa kuta, na waliokuwa ndani walipigana hadi wengi wao wakafa. Waingereza walimkabidhi Said magofu, wakapanda merikebu zao. Jeshi la Mawahabi chini ya Mutlaq al-Mutairi lilikuwa njiani, nalo liliwashinda watu wa Said mara Waingereza walipoondoka. Waqasimi nao walijenga majahazi mapya, na msafara mwingine mkubwa zaidi ukatumwa mwishoni mwa 1819.

Said alipata funzo kutoka kwa merikebu hizi, na aliyoyafanya baadaye yanalithibitisha. Alijijengea jeshi lake la majini kwenye karakana za Bombay: Shah Alum, frigeti yake ya mizinga 50, na Liverpool ya mizinga 74, aliyompa mfalme wa Uingereza mwaka 1836. Ni kwa nguvu hiyo alipambana na Mazrui wa Mombasa hadi akawaangusha mwaka 1837, na ndiyo iliyomwezesha kuhamishia makao yake Zanzibar. Alifariki mwezi Oktoba 1856 ndani ya merikebu yake Victoria akitoka Maskati, ikiwa karibu na Ushelisheli.

Chiffonne haikuyaona hayo. Mwaka 1814 Napoleon alishindwa, amani ikatangazwa, na jeshi la majini la Uingereza likaanza kuondoa merikebu zilizochakaa. Iliuzwa mwaka huo huo ili ivunjwe. Mkataba wa Paris wa Mei 1814 uliwaachia Waingereza Morisi na Ushelisheli, na Quinssy akabaki Mahé akifanya kazi ya uhakimu chini ya wakubwa wapya hadi kifo chake mwaka 1827. Sibylle ilidumu zaidi. Kati ya 1827 na 1830 ilikuwa merikebu kuu ya kikosi cha Uingereza cha kukamata vyombo vya watumwa Afrika Magharibi, kisha ikauzwa mwaka 1833.